Punda Mwenye Miguu ya Milia

Nilikuwa nimeolewa muda wa kutosha kwa watu kuanza kuniangalia tumbo kabla ya kuniangalia uso. Vudee ni mahali pa milima. Watu huonana kwa mbali, mmoja upande huu wa bonde na mwenzake upande ule, na salamu hupigwa kwa sauti kuvuka migomba. Habari ya tumbo la mtu haikuhitaji kutangazwa. Likikaa tupu linaonekana hadi ng'ambo. Na kwetu mwanamke akishazaa huacha kuitwa jina lake, huwa mama wa fulani. Wenzangu niliosoma nao darasa la ubatizo walikuwa wote wamekwisha kuwa mama wa fulani. Mimi nilibaki mke wa seremala.

Kisha nikaugua. Maumivu yalinishika shambani, nikajikunja kati ya maharagwe nisiweze kuinuka. Mume wangu alikata miti miwili akafunga machela, na ndugu zake wakanishusha mlima hadi hospitali ya misheni. Daktari alikuta uvimbe, akanipasua. Nilipopata fahamu, muuguzi mmoja, mama wa makamo, alivuta kibao akakaa karibu na kitanda changu.

"Mwanangu, umepona," alisema. "Lakini kizazi kimetolewa pamoja na uvimbe. Hutazaa. Nakuambia mapema asije mtu akakuuzia dawa."

Nilimshukuru. Sijui hata leo kwa nini nilimshukuru, ila nakumbuka nilisema asante mama, kama mtu aliyepewa maji. Akaongeza kwamba nisibebe tena mzigo mzito kichwani, mshono ungeweza kufumuka.

Hilo la pili ndilo lililoleta shida ya haraka. Wakati ule wa Mwingereza barabara ya gari haikufika kwetu. Kila kilichopanda mlima au kushuka kilipita kichwani mwa mwanamke: kuni, maji, maharagwe ya kupeleka soko la Same karibu na stesheni ya reli, na chumvi na mafuta ya taa wakati wa kurudi. Mwanamke asiyezaa angalau angebeba. Asiyezaa wala kubeba, atakaa wapi?

Baba yangu mzazi alikuja kunitazama. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikunywa uji, akaniangalia, akaondoka. Baada ya muda akarudi akimvuta punda jike kwa kamba. Alikuwa ametoa mbuzi na dume lake la ng'ombe kwa Wamasai wa tambarare ili ampate.

"Huyu ndiye kichwa chako," akaniambia. "Mfundishe njia."

Punda mlimani kwetu walikuwa wachache. Watu walitoka nje kunitazama nikipita naye, na wengine wakacheka. Mume wangu alinishonea shogi, yale makapu mawili ya ukindu yanayoning'inia ubavuni mwa punda, nami nikaanza kushuka Same kila siku ya soko. Wake za majirani waliocheka ndio walionipa maharagwe yao niwapelekee.

Kiangazi kimoja punda yule alinipotea. Nilikuwa nimemfunga kwenye mti nje ya soko, nikaingia kuuza. Nilipotoka nikakuta kipande cha kamba. Nilimtafuta hadi jua likaniuma kisogo, nikapanda mlima mikono mitupu. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza.

"Hata punda amekukimbia," alisema, akaingia ndani.

Sikulala njaa usiku ule, nilikula nikashiba, kwa sababu nilikuwa nimekata shauri kwamba asubuhi ningerudi tambarare. Nilirudi, na siku nyingine nikarudi tena. Nilipita boma kwa boma nikiuliza. Watu wa tambarare walinielekeza kila mmoja kwake, na kila nilikoelekezwa nilikuta punda wa mtu mwingine. Mvua za kwanza ziliponyesha ndipo nilipofika boma la mama mmoja wa Kimasai, mtu mzima, anayefuga punda wake mwenyewe kama ilivyo kawaida ya wanawake wa kwao. Nilimwamkia kwa lugha yake, maneno niliyojifunza sokoni; yeyo kwao ni mama.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia. Kisha akanionyesha kwa fimbo. Punda wangu alikuwa pale kati ya punda wake, amenenepa, sikio moja limepasuka.

"Alikuwa na punda milia," yule yeyo akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Kuna dume limefukuzwa na wenzake, linatembea peke yake. Punda wako alikaa nalo kiangazi chote. Mvua ilipokuja, akarudi kwa watu." Akacheka hadi shanga zake zikalia. "Mpeleke nyumbani. Amepata bwana."

Nami nilicheka, ingawa sikumwamini.

Mwaka ulipita, ukazidi kidogo. Asubuhi moja ya ukungu nikamkuta punda wangu amezaa. Kitoto kilikuwa kimesimama kwa miguu inayotetemeka. Mwili ulikuwa wa rangi ya vumbi kama mama yake, masikio yamesimama, lakini miguu yote, kuanzia kwato hadi mapajani, ilikuwa na milia myeusi iliyonyooka, kana kwamba mtu ameichora kwa mkaa. Mabegani mlikuwa na mistari mingine, hafifu zaidi. Nilipiga magoti kwenye samadi nikaishika ile milia kwa kidole. Haikufutika.

Mume wangu alikuja na patasi mkononi. Akakiinua mkia. "Ni jike," akasema. Ndilo neno pekee alilopata.

Mama mkwe alisema mengi zaidi. Alisema kitu cha namna ile hakijawahi kuonekana katika ukoo wao, na kwamba mnyama aliyezaliwa nusu hiki nusu kile ni mkosi, na mkosi huitwa na mkosi mwenzake. Hakunitaja. Alimwambia mwanawe akichinje kabla hakijanyonya siku nyingi. Kesho yake mzee wa kanisa alifika, naye nadhani aliitwa. Alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yakae mahali pake.

"Binti yangu," akaniambia, "Mungu aliumba kila mnyama kwa namna yake. Si vizuri kuchanganya."

"Shikamoo mzee," nikamjibu. "Mimi sikuwachanganya. Walichanganyika wenyewe, nami nilikuwa nalia namtafuta punda wangu."

"Marahaba. Lakini sasa unacho wewe."

"Ninacho. Na Mungu akitaka kukichukua, anajua njia ya Vudee."

Mume wangu aliinamisha uso. Sikujua kama anacheka au anaona aibu. Kitoto hakikuchinjwa, kwa sababu tangu siku ile nilihamishia jembe langu, maji yangu na kazi zangu zote karibu na zizi, na aliyetaka kukichinja ilimpasa anipite mimi.

Majuma machache baadaye Bwana Mifugo alipanda mlima kuchanja ng'ombe. Alikuwa kijana wa Kipare kutoka kaskazini, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, akiongea Kiswahili cha shule. Aliposikia habari ya kitoto aliacha uji wake mezani. Alikizunguka, akakifungua kinywa, akakinyanyua kwato.

"Baba yake ni punda milia," akasema mbele ya mama mkwe na majirani waliojaa uani. "Si mkosi. Ni chotara. Nimepata kumwona mwingine mmoja tu."

"Atazaa?" nikamwuliza.

Alinitazama, nadhani alikuwa ameshaambiwa habari zangu, maana alijibu kwa upole kupita ule wa kumjibu mtu aliyeuliza habari za punda. "Hapana, dada. Chotara wa namna hii hazai. Damu mbili zilipatana kumwumba yeye, basi. Kuendelea mbele hazikupatana."

"Kwa hiyo huyu akifa, wameisha."

Akaifuta mikono yake. "Hapo ndipo ajabu ilipo," akasema. "Faru wakifa wote, hakuna wa kuwarudisha, kwa sababu faru hutoka kwa faru. Huyu hakutoka kwa wenzake. Hata asionekane mmoja wao miaka mia, maadamu punda wapo na punda milia wapo, anaweza kuzaliwa tena kesho asubuhi. Hana watoto, lakini hana mwisho."

Alirudi kwenye uji wake. Mimi nilibaki pale na maneno hayo. Dada yangu alikuwa ameolewa Kifaru, kule upande wa kaskazini, na nilipokwenda kumtembelea niliuliza huyo faru ambaye mahali pale palipewa jina lake yuko wapi. Watu walinijibu kwamba mababu ndio waliomwona. Jina lilikuwepo, mnyama hayupo, na watu walikuwa wamezoea. Nilikuwa nimekwisha kujihesabu upande huo, wa vitu vinavyobaki jina. Siku ile nilianza kujihesabu upya.

Lakini fikra njema hazibebi mzigo. Chotara alipokua tulipata taabu naye. Punda hukataa kwa kusimama, na chotara alikataa kwa kuuma. Alinitoa ukucha. Alimpiga mume wangu teke akakaa chini kwa kishindo kwenye maranda yake. Mara ya kwanza nilipomwekea shogi aliirarua, na mara ya pili aliirarua akaikanyaga. Mume wangu alishona nyingine, na hiyo nayo ikararuliwa.

Nikaacha kumlazimisha. Nilianza kumwekea mgongoni kanga yangu kuukuu, nikatembea naye hadi ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, tukarudi. Kesho yake tena. Kisha gunia tupu. Kisha gunia lenye majani ya migomba. Watu waliokuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakizibua mfereji walinitazama nikipita na mnyama mwenye miguu ya milia, amevaa kanga, nami naongea naye kama na mkwe. Wakapumzika na majembe yao ili wacheke vizuri. Niliwaamkia nikapita. Msimu wa mahindi ulipofika alikuwa anabeba mzigo kamili bila kugeuza kichwa.

Na alibeba kuliko mama yake. Alipanda miinuko ambayo punda wengine huivuka kwa kupumzika mara kwa mara. Jambo kubwa zaidi lilikuwa mbung'o. Nyikani kati ya mlima na Same kulikuwa na vichaka vyenye mbung'o, na watu wawili watatu waliokwisha kuniiga wakanunua punda waliwapoteza: walikonda, macho yakatoa maji, wakalala wasiinuke. Mama wa chotara mwenyewe niliacha kumpitisha huko. Chotara alipita. Sijui kama mbung'o hawakumwona au walimwona wakamdharau. Alipita na kurudi mwaka hadi mwaka, ngozi yake ikimeremeta.

Ulipofika mwaka wa njaa, mvua zilipokosekana hata mlimani, mahindi ya msaada yalishushwa na treni pale Same, na kazi ikawa kuyapandisha. Chotara aliyapandisha. Nilianza na nyumba za wagonjwa na wajane. Yule mzee wa kanisa alikuwa mgonjwa wakati huo. Nilipomshushia gunia lake alisema, "Mungu akubariki, wewe na..." akasita, akitafuta jina la yule mnyama. "Wewe naye," akamaliza.

Ungedhani hapo nyumbani kulitulia. Njaa ilipokwisha na watu wakashiba, mama mkwe alirudia wimbo wake. Alikuwa amemtafutia mwanawe binti mmoja wa kijiji cha Mwembe, mwenye mama aliyezaa wengi. Alimtaja wakati wa chai, wakati wa kupalilia, hata njiani kwenda ibadani. Mume wangu alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama anavyosikiliza mbao kabla ya kuzipiga randa. Hakukubali, wala hakukataa. Nilikuwa naisubiri sauti yake, na kusubiri huko kulinichosha kuliko mlima.

Wifi yangu mdogo alikuwa anakaribia kuolewa. Wanawake wa karibu walikusanyika jikoni kwetu alasiri moja kupukuchua maharagwe ya harusi. Mvua ilikuwa kubwa, imetia giza, na mtu akasema mvua kama hii ni ya vitendawili. Tulikwenda hivyo kwa furaha hadi zamu ikamfikia jirani yetu mmoja, mama wa watoto wengi na ulimi mrefu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Shamba zuri, mbolea tele, kila masika lalimwa, halijatoa hata punje."

Maharagwe yaliacha kudondoka kwenye nyungo. Wifi yangu aliniangalia machozi yakimlenga, na mama mkwe aliangalia mikono yake.

"Jibu ni mimi," nikasema. "Umetega vizuri. Sasa zamu yangu. Kitendawili!"

Mmoja akajibu, kwa sauti ndogo: "Tega."

"Baba anaye, mama anaye. Mtoto hana wala hatapata. Wafe wote duniani leo, ukoo wao haujaisha."

"Mwezi!" wifi yangu akasema haraka, akitaka kuniokoa.

"Mwezi baba yake nani?"

"Mgomba!"

"Mgomba umejaa machipukizi, hebu tazama nje."

"Padri wa Kikatoliki!" akasema bibi mmoja kutoka pembeni, na jiko zima likaangua kicheko, maana sisi tulikuwa Walutheri na jibu lilikuwa limekaa sawasawa. Hata mimi nilishindwa kujizuia.

"Padri akiamua anaweza," nikasema. "Huyu hata akiamua hawezi. Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Tunakupa Same!"

"Same nakwenda kila soko, siutaki."

"Basi chukua Lembeni."

"Lembeni nimeufikia," nikaanza, na sikuwa nimepanga maneno yaliyofuata, yalikuja yenyewe. "Nilishuka kwenye treni nina kiu, wakanipa maji. Wakaniuliza nina watoto wangapi. Nikawaambia sina. Wakaniambia pole, wakanipa kigoda, tukaongea habari za mvua na bei ya vitunguu hadi jioni, na hakuna aliyenirudia na swali lile. Lembeni ni mji mzuri. Jibu ni yule aliyefungwa hapo nje kwenye mvua, chotara wa punda na punda milia. Ndiye aliyewaletea mahindi mwaka wa njaa, na ndiye atakayeleta sukari ya harusi hii."

Yule jirani alitazama chini. Hakuniomba radhi, na sikuihitaji. Yule bibi aliyejibu padri akasema, "Kweli kabisa, ndiye," akaendelea kupukuchua. Mama mkwe aliinuka, akabeba ungo wa makapi, akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona amesimama mbele ya chotara, ungo mkononi, mvua inamnyeshea. Kisha akamwagia makapi yale mbele yake, akarudi ndani akaketi.

Lakini alasiri moja haigeuzi mtu mzima, na juma lililofuata binti wa Mwembe alitajwa tena. Safari hii mume wangu alikuwa akitengeneza kitanda cha harusi ya dada yake. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nyuma ya karakana nikasikia mama yake akianza. Kelele za randa zikakoma.

"Mama," mume wangu akasema, "mimi nilioa mtu. Sikuoa tumbo. Tafadhali usimtaje tena yule binti, tunamharibia jina lake bure."

Nikasikia nyayo za mama mkwe zikiondoka, polepole. Nikaingia karakanani na mundu mkononi.

"Maneno hayo ulikuwa nayo tangu lini?"

Alishtuka. "Tangu hospitali."

"Na muda wote huo ulikuwa umeyaweka wapi?"

Alipuliza maranda kwenye ubao, ingawa hayakuwepo. "Nilikuwa natafuta siku ya kuyasema."

Nilimkasirikia siku nyingi kuliko nilivyomshukuru. Nilimpikia, nilimfulia, sikumsemesha. Alivumilia bila kulalamika, na nadhani alijua anastahili. Hasira iliponitoka nilimweleza jambo nililokuwa nalifikiria tangu mwaka wa njaa. Nilitaka chotara mwingine. Nilitaka nimpate kwa kukusudia.

"Je, inawezekana?" akauliza.

"Bwana Mifugo alisema inawezekana. Twende tukaone."

Kiangazi kilipofika tukamshusha mama wa chotara, kwa njia ndefu inayokwepa vichaka vya mbung'o, hadi boma la yule yeyo. Mzee wa kanisa alikuwa amesikia, akanionya kwamba mara ya kwanza sikuwachanganya mimi, lakini sasa nitakuwa nimekusudia. Nilimwambia ni kweli, ninakusudia, na kwamba punda wa watu wanakufa kule nyikani na wake zao wamerudi kubeba kichwani. Alitikisa kichwa, lakini hakunitenga na kanisa.

Yeyo alitupokea kama watu walioagana jana. Alisema madume ya peke yake hayakosekani, lakini hayana ratiba. Mume wangu alijenga zizi dogo la miiba karibu na mahali pa maji, tukamfunga punda kwa kamba ndefu, tukaketi mbali chini ya kichaka. Punda milia walikuja makundi kwa makundi, wakanywa, wakatukodolea macho, wakaondoka. Dume linalotembea peke yake lilifika mara moja, likamwuma punda wetu shingoni, likakimbia. Nilimwosha jeraha kwa maji ya chumvi. Tulirudi mlimani tumeungua jua, na punda hakuwa na kitu.

Kiangazi kilichofuata tukaenda tena, tukakaa zaidi. Punda alishika mimba. Tulingoja mwaka mzima tukimpa majani bora, na alipozaa, kitoto kilikuwa kijivu kitupu chenye msalaba mgongoni. Punda dume wa yeyo ndiye aliyetangulia. Kilikuwa kitoto kizuri na nilikipenda, lakini siku ile nilikaa kando ya ndiva peke yangu nikarusha mawe majini hadi mkono ukaniuma. Niliporudi mume wangu aliuliza kama tumefika mwisho. Nikamwambia kiangazi kijacho tutaondoka mapema zaidi, na yeyo tutamwomba ahamishe madume yake upande wa pili.

Asubuhi ya safari hiyo ya tatu, mama mkwe alitokea mlangoni amebeba chungu cha makande kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Alimpa mwanawe akishike, kisha akanitazama mimi.

"Msirudi mikono mitupu," akasema. "Mlima huu unachosha."

Hatukurudi mikono mitupu. Dume moja lenye kovu puani lilimzoea punda wetu, likawa linamfuata majini kila asubuhi, hata mimi nikazoea kuliona. Yeyo alihesabu miezi kwa namna yake akaniambia nisubiri mvua za vuli za mwaka unaofuata. Zilipokuja, mama mkwe ndiye aliyeamka kwanza. Nilisikia akiniita kutoka zizini, na sauti yake ya chini ilikuwa imepanda juu kama ya msichana.

"Mkamwana! Njoo! Huyu ana milia hadi kiunoni!"

Nilikimbia bila kilemba. Kitoto kilikuwa dume, kimelowa, kinatafuta titi mahali lisipokuwepo. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti anakielekeza kwa mkono wake. Nilipiga magoti upande wa pili. Hatukuzungumza habari za nyuma, siku ile wala baadaye, na aliishi nami miaka mingi tukilima shamba moja.

Yule wa pili alikuwa mpole kuliko wa kwanza, na wote wawili walibeba mizigo ya nusu ya kijiji hadi barabara ya gari ilipofika. Mama yao alikufa kwa uzee. Bado nilishuka tambarare kila kiangazi na punda mwingine wa kike. Mara nyingine tulipata, mara nyingi tulikosa.

Siku moja mwanamke kutoka vijiji vya chini alinifuata sokoni. Alikuwa amepoteza punda wawili kwa mbung'o, na mgongoni amebeba mtoto, kichwani gunia. Alisema amesikia ninajua namna ya kupata wale wa milia, akaniuliza kama ni kazi ngumu.

"Ni ngumu," nikamwambia. "Lete punda jike mwenye afya, na chakula cha kutosha, na usije na haraka. Tutaondoka kesho kutwa, jua likichomoza."

Alikuja kabla halijachomoza.